Tangazo la Ramani

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Katika ghorofa ya tatu ya kampuni ya matangazo, mwandishi wa maneno alisimama mbele ya ukuta aliouandaa mwenyewe, akingoja wageni wakae. Ofisini walimwita Mama Kaulimbiu, kwa sababu watoto mitaani waliimba maneno yake kabla mama zao hawajainunua sabuni iliyosifiwa. Nyumbani kwa kaka yake aliitwa shangazi, basi. Asubuhi hiyo majina hayo mawili yalikuwa yakigombana ndani ya kifua kimoja.

Mgeni mkuu alikuwa meneja wa masoko wa kiwanda cha pedi. Kiwanda kilikuwa kinakaribia jubilei yake na kilitaka tangazo jipya la kuanza kurushwa Jumatatu. Meneja alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tai iliyofungwa barabara, na tangu aajiriwe hakuwahi kuitaja bidhaa yake kwa jina. Alisema "ile bidhaa yetu", na hedhi aliiita "zile siku".

"Tuanze kabla ya matangazo," mwandishi alisema, akainua kitambaa cheupe kilichokunjwa mara kadhaa. "Hiki nimekishona kwa mfano, kutoka shuka kuukuu. Bibi zetu walivaa hivi. Walikifua kabla watu hawajaamka, wakakianika chini ya nguo nyingine, ili jua likione na jirani asikione."

Meneja aliangalia viatu vyake.

Mwandishi akasogea. Alionyesha mkanda wa mpira wenye vibanio mbele na nyuma, na kando yake tangazo lililokatwa kwenye gazeti la zamani: nesi mwenye kofia nyeupe, kidole mdomoni, kana kwamba mwili wa mwanamke ulikuwa wodi ya wagonjwa mahututi. Alionyesha paketi iliyofungwa kwa karatasi ya kaki isiyo na jina. Alionyesha kuponi ndogo iliyoandikwa: *Kata hapa. Mpe muuzaji. Usiseme neno.* Kisha zikaja pedi za gundi, na mkanda ukafa bila matanga. Tangazo la pedi hizo lilikuwa la dada aliyevaa suruali nyeupe pe akiruka juu ya ua la michongoma. Mwisho wa ukuta palikuwa na picha ya mkono ukimimina maji ya bluu juu ya pedi kutoka kwenye gilasi ya maabara.

"Hiyo ya bluu ni yangu," Meneja alisema kwa fahari. "Ilipata tuzo."

"Nayo imefanya kazi yake, Meneja. Lakini tazama ukuta mzima. Kitambaa kilibadilika, mkanda ukaondoka, gundi ikaja. Kitu kimoja hakikubadilika. Kila paketi iliuzwa na aibu ndani yake, kama zawadi ya bure. Sisi tunataka kuitoa ile zawadi."

Mkurugenzi wa kampuni, aliyependa kumaliza mambo kabla chai haijapoa, alizima taa. Filamu ikaanza.

Msichana wa shule amebaki peke yake darasani. Anainuka, anajitazama nyuma, anakaa tena. Macho yake yanazunguka ukuta mpaka yanakutana na ramani ya dunia, ile kubwa ya kuning'inia, yenye fimbo ya chini iliyovunjika upande mmoja. Anaitungua kwenye msumari. Anaishika nyuma ya sketi kwa mikono miwili, na anauvuka uwanja mtupu, mgongo umenyooka, bahari na mabara yakipepea nyuma yake. Kisha sauti, ya kawaida, isiyonong'ona: *Dunia nzima haitoshi kuificha. Kwa nini ufiche?*

Taa ziliwashwa. Meneja alikuwa ametoa leso.

"Nina mabinti," alisema. Akapenga kamasi. "Ramani! Jamani, ramani! Mama, umeitoa wapi ramani hii?"

Mwandishi alifungua kinywa. Hapo ndipo ukweli ulipokuwa na nafasi yake, pana kama mlango wa ghala.

"Ilinijia tu," alisema.

Watu walipiga makofi. Mkurugenzi alisema kichwa cha mama huyu ni chemchemi, na Meneja akatia saini.

Ramani haikumjia. Aliletewa, jikoni kwake, na msichana aliyekuwa amempa mgongo akiosha vyombo.

Msichana huyo alikuwa binti wa kaka yake. Walimwita Chiriku tangu utotoni, kwa jinsi alivyokuwa akiongea kutwa mpaka majirani wakauliza kama anaongea akilala. Muhula uliopita Chiriku alinyamaza ghafla. Mama yake akamtuma kwa shangazi, kwa kuwa yapo mambo ambayo msichana hamwambii mama, na shangazi ameumbwa kwa ajili hiyo. Pale jikoni, huku akisugua sufuria iliyokwisha takata, Chiriku alieleza. Damu ilimjia darasani, kipindi cha jiografia. Wenzake walipotoka kwenda kutazama mpira, alisema anamalizia kunakili. Alivuka uwanja akiwa na ramani nyuma. Nyuma ya vyoo aliona imepata doa, akaiosha, karatasi ikachanika mikononi mwake. Akaitumbukiza chooni pamoja na fimbo yake iliyovunjika.

Mwalimu aliuliza nani ameiba ramani. Hakuna aliyejua. Darasa zima lilifyeka nyasi juma zima, na kiranja, aliyekuwa akitunza ufunguo wa darasa, akavuliwa ukiranja. Chiriku alifyeka pamoja nao. Alisikia wakiapa kwamba mwizi wakimjua watamkomesha. "Na msumari bado uko ukutani, shangazi," alisema. "Kila siku nauona."

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Shangazi alimkumbatia, akamwambia yameisha, akamwapia kwamba maneno hayo yatabaki pale pale jikoni. Kiapo kile alikimaanisha. Lakini baada ya majuma kadhaa Mkurugenzi aligonga meza akitaka wazo, na wazo lilikuwa moja tu kichwani mwake, limesimama limekamilika, lina mwanzo na mwisho. Alijiambia kwamba atabadilisha kila kitu. Akabadilisha kweli: sketi ya kijani ikawa ya kijivu, shule ya kutwa ikawa ya bweni, msichana mrefu akawa mfupi. Ramani aliiacha, kwa sababu ramani ndiyo iliyokuwa tangazo. Hata fimbo iliyovunjika aliiacha. Alipoiandika fimbo ile alijisikia fundi.

Saa saba mchana mchoraji wa kampuni, mtu wa utani asiyekosa neno, alimkuta akiitazama chai yake.

"Dada, leo umeshinda, lakini uso umefiwa."

"Nimechoka."

"Nikuulize. Ile fimbo ya ramani. Nilipokuwa nikichora picha za kuongozea filamu, niliichora nzima. Ukanirudishia. Ukasema upande wa kushoto umevunjika. Nikakuuliza kwa nini, ukasema, 'Ndivyo ilivyo.'" Aliketi. "Kitu kilichokujia tu hakina 'ndivyo ilivyo'."

Mwandishi alisukuma kikombe kando.

"Mwenyewe anajua?"

"Bado."

"Haya," mchoraji alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuongeza utani. "Jumatatu atajua. Yeye na nchi nzima."

Jioni ile, mvua ikiwa imekatika, shangazi aliingia nyumbani kwa kaka yake akiwa na mkate chini ya kwapa.

"Wifi!" mke wa kaka yake aliita kutoka uani. "Leo umekuja na mkate? Mimi nimekuzoea na maneno matupu. Kuna jambo."

"Jambo gani, wifi? Mtu haji kwa kaka yake?"

"Huja. Ila huja na njaa."

Walicheka. Shangazi alimwachia mkate. Akapita ndani.

Chiriku alikuwa chumba cha nyuma akipiga pasi sketi ya shule. Alikuwa amerejea katika hali yake. Maneno yalimtoka kabla shangazi hajakaa. Mwalimu mpya wa hesabu ana miguu ya korongo. Kiranja mpya ni mbea kuliko redio. Shangazi aliketi kitandani, akaanza kwa mbali, kama watu waanzavyo habari mbaya. Akamweleza juu ya ukuta ule: kitambaa, mkanda, nesi mwenye kidole mdomoni.

"Na wengine wote," alisema, "wanamimina maji ya bluu."

"Hilo nalijua. Bluu! Kwani sisi kalamu za wino?" Chiriku aliinua pasi juu, akacheka mpaka akainama. "Siku nikitoka bluu nipelekeni hospitali upesi."

Shangazi alitoa simu yake. "Sasa hili ndilo tangazo letu. Litaanza Jumatatu asubuhi."

Chiriku alisimamisha pasi wima, akapokea simu. Alitazama. Filamu ilikuwa fupi mno, na kwa shangazi ilikuwa ndefu kuliko mazishi. Ilipokwisha msichana aliirudia. Sauti ile isiyonong'ona ikasema tena, chumbani humo humo, *Kwa nini ufiche?*

"Ramani," Chiriku alisema.

"Nimebadilisha shule, mwanangu. Nimebadilisha sketi. Hata yule binti hafanani na wewe hata kidogo."

"Ramani hukubadilisha."

"Ramani ndiyo... ndiyo inayobeba."

"Na fimbo imevunjika. Kushoto."

Shangazi aliinamisha kichwa.

"Darasani tulikuwa wangapi tuliobaki kunakili siku ile?" Chiriku aliuliza taratibu. "Nilibaki mimi. Wanajua nilibaki. Hawakunishuku kwa sababu hawakuweza kufikiria msichana anaitaka ramani ya nini. Sasa umewaeleza. Kiranja wetu alivuliwa mbele ya shule nzima, shangazi. Jumatatu atanitazama vipi?"

"Ndiyo maana nimekuja. Nimekuja kukuuliza."

"Mmetengeneza. Mmeonyesha. Wamepiga makofi?"

"Wamepiga."

"Wamepiga makofi, ndipo unaniuliza."

Pasi ilikuwa ikitoa joto lake bure. Shangazi alihisi kwamba anapaswa kunyamaza, lakini maneno yalikuwa kazi yake, na mtu akizama hushika alichozoea kushika.

"Chiriku, nisikilize. Kuna wasichana wengi waliokaa kwenye viti vyao kama wewe. Wakiona tangazo hili watajua hawako peke yao. Mficha uchi hazai. Mtu asiposema—"

"Si useme ya kwako?"

"Nini?"

"Ya kwako, shangazi. Au wewe hukuwahi? Wewe ulikuwa unatoka bluu?"

Haukuwa utani safari hii.

Shangazi alikuwa na ya kwake. Siku ya mahafali ya chuo aliitwa jukwaani kupokea zawadi ya mwanafunzi bora wa uandishi. Jina lake liliitwa, likarudiwa, na yeye akabaki amekaa, kwa sababu alijua kilichokuwa kwenye joho nyuma. Baba yake alikuwa ameketi safu za nyuma, amevaa koti la kuazima, na alisimama ili amwone binti yake vizuri. Zawadi ilirudishwa mezani. Baadaye alimwambia baba kwamba hakusikia. Mzee aliamini mpaka anaingia kaburini kwamba kipaza sauti kilikuwa kibovu, na kila akisimulia alikilaani kipaza sauti.

Hadithi ile ilikuwa kamili. Ilikuwa na jina linaloitwa, na mtu asiyesimama. Ingefaa tangazo. Haikuwahi kumpitia akilini kuitumia, na sasa, akitazamwa na msichana mwenye sketi mkononi, alielewa kwa nini: alikuwa akiona haya. Aliandika *Kwa nini ufiche* kwa kalamu ya mtu afichaye, akatafuta wa kufichuliwa badala yake.

"Nitalitoa," alisema.

"Utaweza?"

"Nitalitoa."

Chiriku alirudi kwenye sketi yake. Mstari wa pasi ulikuwa umenyooka tayari, lakini aliupitia tena. Shangazi aliondoka bila kuaga vizuri, na wifi yake akabaki mlangoni na mkate mkononi, akisema mkate huu kweli ulikuwa na jambo.

Jumamosi asubuhi Mkurugenzi alimsikiliza akiwa amesimama.

"Bora uniambie umeingiwa na shetani, nitafute wa kukuombea," alisema. "Mteja ametia saini. Amelia! Unajua ni vigumu kiasi gani kumliza meneja wa masoko?"

"Hadithi si yangu, Bosi. Ni ya mtoto aliyeniamini. Sikumwomba."

"Basi badilisha ramani. Mpe gazeti. Mpe kitabu. Mpe chochote."

Walijaribu. Mchoraji aliitwa, akachora msichana na gazeti, msichana na daftari, msichana na ubao wa chesi. Aliziweka mezani zote. Kila moja ilikuwa msichana aliyeshika kitu. Dunia ilikuwa imeondoka, na maneno yakabaki yakining'inia bila msumari.

"Imekufa," Mkurugenzi alisema. "Mpigie mwenyewe. Mimi sina uso wa kumpigia."

Mwandishi alipiga simu mbele yao. Alimweleza Meneja kwamba ramani ile ni ya msichana wa kweli, kwamba tangazo likirushwa wenzake watamtambua, na kwamba yeye, mwandishi, alisema uongo aliposema ilimjia tu.

Upande wa pili kiti kililia.

"Msichana mwenyewe ni nani?" Meneja aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. "Ni ndugu yako? Labda tungezungumza na wazazi. Tungemlipia ada."

Jibu lilimfika mwandishi ulimini. Angesema *ni binti wa kaka yangu*, Meneja angelainika, mambo yangerahisika. Aliona jinsi ulimi wake ulivyo mwepesi, na akauogopa.

"Ni mtu aliyeniamini," alisema. "Zaidi ya hapo sina ruhusa."

Meneja alivuta pumzi. "Mama, mimi nina mabinti, nimekwambia. Sitalirusha. Lakini nafasi za redio na televisheni za Jumatatu nimekwisha kuzinunua. Una nyingine? Hadithi nyingine ya kweli, ya mtu aliyekubali? Nipe leo, tutaisoma redioni tu, hata bila picha. Mimi niko tayari. Nilikuwa siko tayari, umenitayarisha wewe."

Mkurugenzi alisogea. Mchoraji aliacha kalamu. Mwandishi aliona ukumbi wa mahafali, koti la kuazima, baba yake akisimama. Ilimpasa kusema sentensi moja tu: *Ninayo ya kwangu.* Aliitengeneza mdomoni, neno kwa neno, kama alivyotengeneza nyingi. Mbele yake ukutani, kuponi kuukuu ilimwambia asiseme neno.

"Mama? Upo?"

"Sina nyingine," alisema.

"Basi," Meneja alisema kwa huzuni, "itabidi ile ya bluu."

Jumatatu asubuhi tangazo la bluu lilirushwa, na nchi nzima ikaona mkono ukimimina maji yale yale.

Meneja alihudhuria jubilei ya kiwanda, akatoa hotuba, akasema "ile bidhaa yetu" tangu mwanzo hadi mwisho.

Mkurugenzi alimhamishia mwandishi upande wa rangi za nyumba, akisema rangi hazina siri za mtu.

Mchoraji aliubandua ukuta, akavirudisha vitu kwenye maboksi. Kuponi aliibakiza mezani kwa mwandishi bila maelezo.

Wifi aliukata mkate, wakaula na chai, na hakuuliza.

Kiranja wa zamani hakurudishiwa ukiranja. Msumari uliendelea kuwapo ukutani.

Mwandishi alinunua ramani ya dunia, kubwa, ya kuning'inia, yenye fimbo nzima pande zote. Alitaka kuipeleka shuleni kimya kimya. Akakumbuka kwamba hata ramani itakayofika bila jina ingeuliza maswali, na maswali yangejibiwa na mtu mwingine, si yeye. Akaisimamisha nyuma ya kabati lake la nguo, na ingali huko.

Chiriku, alipopata maumivu ya tumbo mwezi uliofuata, alimwambia mama yake.

Jumapili moja baada ya hapo, shangazi alikwenda tena kwa kaka yake, mikono mitupu. Alimkuta Chiriku akipiga pasi. Alisimama mlangoni na akamsimulia habari ya joho, jina lililorudiwa na kipaza sauti kilicholaaniwa bure, yote, bila kuipamba. Chiriku alisikiliza hadi mwisho. Alichomoa pasi, akakunja sketi yake, akaiweka juu ya kiti.

"Hiyo," alisema, "mimi sitamwambia mtu."